Hofu na Anayeilipia

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Maretadu, Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara

  

Nimeombwa nizungumze juu ya hofu, na kwa nini mara nyingine hofu haina akili. Kwa kawaida mada kama hii ikitajwa, wasikilizaji hungoja mzungumzaji awacheke wanaoogopa. Leo hamtapata kicheko hicho. Hofu ninayotaka tuitazame ni ya watu wenye akili zao timamu, wanaowapenda ndugu zao, na ambao ukienda nao mnadani hawadanganyiki kwa bei ya ndama. Ndiyo maana inanishughulisha. Hofu ya mjinga haina fumbo.

Tuanze jikoni, kwenye mafiga. Mtu mwenye kifafa akianguka karibu na moto, mmoja wa waliopo anaweza kumshika mabega akamvuta nyuma. Mwingine atarudi hatua mbili tatu, atajifunika pua kwa kanga au kwa kiganja, na kungoja yaishe. Huyu anayengoja si katili. Tangu utotoni amesikia kwamba lile povu linaambukiza, kwamba mkojo unaotoka wakati wa kuanguka unaambukiza, hata hewa itokayo tumboni mwa mgonjwa inaambukiza. Ukiivuta, kesho unaanguka wewe. Basi anasimama pale, huku moyo unamuuma. Kuanguka kwenyewe kwa kawaida huchukua dakika moja au mbili. Moto hauhitaji hata nusu ya muda huo. Nendeni kliniki yoyote ya kijijini inayohudumia wagonjwa wa kifafa, hapa au kwingine Afrika Mashariki, mtayaona makovu: mkono uliojikunja usikunjuke tena, vidole vilivyoshikana, shavu lililovutwa upande mmoja.

Makovu yale hayakuletwa na kifafa peke yake. Yameletwa na kifafa, na moto, na mtu aliyekuwa amesimama karibu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa Profesa Henry Rwiza na wenzake, waliowahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 vijijini hapa Tanzania. Asilimia 40.6 waliamini kifafa kinaambukiza, ama kwa kugusana, ama kwa pumzi, ama kwa kula pamoja. Asilimia 33.5 walisema kwamba mtu akianguka mbele yao watakaa mbali na hawatamgusa. Na asilimia 62.7 hawakukubali mtoto mwenye kifafa apelekwe shule. Itazameni vizuri ile namba ya kati. Ni theluthi moja ya wakuu wa kaya. Chukueni watu watatu mliokaa hapo mbele. Kwa hesabu ile, mmoja wenu angerudi nyuma. Sisemi ni nani.

Zaidi ya miaka thelathini kabla ya hapo, daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, akakuta mambo hayo hayo: wagonjwa waliotengewa vyombo vya kulia, wengine wamejengewa vibanda vyao pembeni, na ndugu wasiothubutu kuwagusa wakianguka. Alianzisha kliniki ya kifafa na kugawa dawa za kawaida kabisa, hasa fenobabitoni, ambayo mpaka leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu katika famasi yoyote. Mahenge iko mbali sana na Mbulu. Wapogoro ni Wabantu wa kusini, na Wairaqw wa huku lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Hawakukaa kikao wakakubaliana namna ya kuogopa. Watu wasiojuana wakiogopa kitu kimoja kwa namna moja, ni haki kuuliza kama chanzo ni mila peke yake, au kuna kitu ndani ya mwili wa binadamu mwenyewe.

Kipo. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kiungo kidogo kinachoitwa amigdala. Joseph LeDoux, mtafiti wa Marekani, aliyechunguza wanyama kwa miaka mingi, alionyesha kwamba habari ya hatari hufika pale kwa njia ya mkato, kabla sehemu ya ubongo inayofikiri haijamaliza kutambua kilichoonekana. Mguu unaruka kwanza, halafu ndipo unagundua kwamba ulikuwa ung'ongo. Wahenga walishalijua hili kwa njia yao: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema ni mpumbavu. Walisema hushtuka, basi, kama mtu anayeeleza kwamba mvua hunyesha.

Na asiye na kiungo hicho anaishije? Yuko mwanamke wa Marekani ambaye wanasayansi humtaja kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa wa nadra uliharibu amigdala zake zote mbili. Alipopelekwa duka la nyoka na buibui, alimshika nyoka mikononi na kuuliza maswali kama mtoto aliyeona mdoli mpya. Msiharakishe kumwonea wivu. Maishani mwake ameshawahi kutishiwa kwa kisu na kwa bunduki, na wanaomchunguza wanaona sababu mojawapo ni kwamba hana kitu cha kumwambia aondoke mahali pabaya. Asiyeogopa chochote haishi kwa raha, anaishi kwa bahati. Halafu mwaka 2013 iliandikwa kwamba mwanamke huyo huyo alipovutishwa hewa yenye kabonidioksaidi nyingi alipatwa na hofu kuu, akahangaika kutafuta pumzi. Kwa hiyo hata kwake mlango mmoja wa hofu ulibaki wazi: kukosa pumzi hakukuhitaji amigdala.

Kwa nini basi tuliumbwa hivi, tushtuke mara nyingi bure? Daktari wa akili Randolph Nesse ameeleza hesabu yake, nami nitaitafsiri kwa mfano wa boma. Mbwa wa boma hubweka usiku mara hamsini, na fisi amekuja mara moja. Mara arobaini na tisa amebwekea upepo, au jirani aliyekunywa, au punda. Hakuna mwenye boma anayemfukuza mbwa huyo, kwa sababu kelele arobaini na tisa za bure ni rahisi kuliko ndama mmoja. Hofu iliyo ndani yetu ni ya namna hiyo. Imekubali kukosea mara nyingi upande mmoja ili isikosee hata mara moja upande wa pili. Ukiihukumu kwa kuhesabu mara ilizokosea utaiona ya kipuuzi. Ukiihukumu kwa kuhesabu ndama, ina akili kuliko wewe.

Hapo ndipo wengi wanaoandika juu ya hofu wanapoishia. Mimi nadhani hesabu ile imeacha kitu, na ndicho nilichokuja kukisema Maretadu. Bei ya kelele za mbwa inalipwa na mwenye boma. Usingizi unaopotea ni wake, na ndama anayeokoka ni wake. Kelele zikizidi atatoka nje na tochi, ataangalia, atamnyamazisha. Lakini mbwa huyo akizoea kumng'ata mjukuu wa jirani kila apitapo, na mwenye boma asisikie maumivu yoyote, nani atamfundisha adabu? Hofu inaachana na akili pale gharama yake inapohamia kwa mtu mwingine. Nguvu yake si kipimo, na hata ukweli wake si kipimo. Hofu nyingi za uongo hazimdhuru mtu. Tazameni nani analipa.

Rudini pale kwenye mafiga. Aliyesimama kando hakulipa chochote. Amekwenda nyumbani na ngozi yake nzima. Tena amepata ushahidi: hakumgusa mgonjwa, na kweli hakupata kifafa. Kesho atamwambia mwanawe, unaona, mimi sikugusa. Hakuna siku atakayogundua kwamba hata angegusa asingeugua, kwa sababu jaribio lenyewe ndilo alilolikimbia. Kovu lilikwenda kwa mwingine, na kovu lililo kwa mwingine halikufundishi wewe lolote.

La ajabu ni kwamba ushahidi upo nyumba ile ile. Mama wa mgonjwa amefuta povu lile kwa upande wa kanga yake tangu mtoto akiwa na miaka minne. Amefua nguo zenye mkojo, amelala naye kitanda kimoja. Hajaanguka hata siku moja. Kila kijiji chenye mgonjwa wa kifafa kina mama wa namna hii, na kila mtu anamfahamu. Kwa nini haaminiwi? Nimewauliza watu, na majibu yanafanana: mama ana damu moja na mtoto, mama amekingwa, mama ni mama. Hofu isiyo na gharama kwa mwenyewe haikosi wakili.

Watoto nao wanajifunzaje? Wanatazama nyuso. Katika miaka ya 1980 Susan Mineka na Michael Cook, huko Marekani, waliwachukua nyani waliozaliwa maabara, wasiojua nyoka, wakawaonyesha nyani mwenzao akiogopa nyoka kwenye picha za video. Wakaogopa nyoka. Halafu watafiti wakaichezea picha ionekane kama yule nyani anaogopa maua. Watazamaji hawakuyaogopa maua. Maana yake, hofu hufundishwa kwa macho, lakini si kila kitu kinafundishika kwa wepesi huo. Kuna mambo ambayo mwili wetu umeyawekea nafasi tangu zamani. Nyoka ni mojawapo. Na ingawa jaribio lile halikugusa povu wala mkojo, mimi naamini majimaji ya mwili wa mtu mwingine nayo yana nafasi yake, kwa sababu maradhi mengi ya kweli hupita humo. Mtoto akiona povu, akasikia ule mlio, halafu akainua macho na kuona shangazi anarudi nyuma, somo limekwisha. Mwalimu wa sayansi atakuja baada ya miaka kumi na chaki yake.

Sasa wazee mtaniambia: tumeona ugonjwa, tumejitenga na ugonjwa, kosa liko wapi? Hata mila zetu zilitenga. Ni kweli, na msidhani nalikwepa. Wairaqw walikuwa na metimani. Aliyefiwa na mume au mke au mtoto, na mwanamke aliyepoteza mimba, alikaa kando kwa muda: haingii nyumba za watu, hali wala hanywi pamoja nao. Watafiti kama Ole Bjørn Rekdal wa Norway wameandika juu yake, na ninyi wazee mnaijua kuliko yeye na mimi. Sitaisifu kupita kiasi. Msichana aliyebeba mimba kabla ya ndoa alitengwa kwa mizani hiyo hiyo, na yapo machungu ambayo familia mpaka leo hazipendi kuyasimulia. Lakini oneni kitu kimoja. Metimani ilikuwa na mwisho. Muda ukitimia, mtu anarudi, anaingia nyumba za watu, anakunywa nao. Waliomtenga walijua siku ya kumpokea. Na kwa kuwa kifo hakikosi nyumba, kila familia ilijua kwamba mwaka huu wanatengwa wale, na mwaka mwingine zamu itakuja hapa. Gharama ilizunguka.

Kutengwa kwa mtu mwenye kifafa hakuna siku ya kwisha, na hakuzungushwi. Hawezi kusema, nimemaliza miezi yangu, nipokeeni. Sahani yake ni yake mpaka kufa. Kwa hiyo anayesema tunamtenga kwa sababu ya mila, mimi namwambia mila ilikuwa na kalenda.

Niwatoe kidogo Mbulu niwapeleke ng'ambo ya Ziwa Eyasi, wilaya ya Meatu, katika nchi ya Wasukuma. Mnajua habari za bibi vizee kuuawa kwa tuhuma za uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho ya mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana yatakuwa na rangi gani nyingine? Mwanauchumi Edward Miguel alikusanya takwimu za Meatu na kuzichapisha 2005. Alikuta kwamba katika miaka ya mvua mbaya, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya sababu nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mkono uliowaua mara nyingi ulikuwa wa jamaa zao wenyewe.

Nani alikuwa anaogopa hapo? Watu wenye njaa. Njaa ni kitu cha kuogopwa kwa haki kabisa. Ila hofu ile haikwenda kwa mawingu, maana mawingu hayashikiki. Ilikwenda kwa mtu dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba, anayekula na asiyelima, asiye na mtu wa kumlipizia kisasi. Nikiambiwa ni ushirikina tu, mimi huuliza mbona ushirikina huo unajua sana kuchagua asiyeweza kulipiza.

Unguja na Pemba mwaka 1995 ilivuma habari ya Popobawa, pepo wa usiku aliyesemekana kuwashambulia watu vitandani. Familia nzima nzima zililala nje, wamekaa kwa makundi kuzunguka moto. Hofu ile kwa sehemu kubwa ililipiwa na wenyewe: usingizi wao, umande wao, uchovu wao kazini kesho yake. Na kweli baada ya miezi ilipungua yenyewe, ingawa imerudi miaka mingine. Lakini kabla haijapoa, aliuawa mtu mmoja na kundi la watu wakidhani ndiye Popobawa, naye alikuwa mgonjwa wa akili. Mnaona njia ilivyo ile ile. Hofu inazunguka wee, ikitafuta wa kuilipia, na mwisho inatua kwa mgonjwa.

Sasa nakuja kwenye jambo linalowahusu ninyi hasa wa huku, nanyi mama mnaopika nyama mnisikilize vizuri.

Kifafa kina sababu nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, na kingine sababu yake haijulikani. Lakini Mbulu tuna sababu moja ya ziada, nayo ni tegu wa nguruwe. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo imekuwapo tangu 1955, ndiyo iliyokuwa kituo cha kazi ya daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Ujerumani, Andrea Winkler. Yeye na wenzake waliwapiga wagonjwa wa kifafa picha za CT za ubongo, wakachapisha majibu mwaka 2009. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya sita, picha zilionyesha alama zinazolingana na vifuko vya lava wa tegu ndani ya ubongo. Upande wa nguruwe, Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine alichunguza ndimi za nguruwe 770 katika vijiji vya wilaya hii ya Mbulu, utafiti uliochapishwa 2004, na asilimia 17.4 walikuwa na vifuko hivyo vya lava, zile punje nyeupe, chini ya ulimi. Ulimi peke yake hauonyeshi wote. Mwingine ana lava kwenye nyama na ulimi wake ni safi.

Elimu ya tegu huyu imejaa mitego, kwa hiyo nitakwenda polepole. Ukila kitimoto chenye punje hizo, hakijaiva vizuri, hupati kifafa. Unapata tegu tumboni, mnyoo mrefu anayeweza kukaa miaka bila kukusumbua. Wewe ni mzima, unalima, unacheka. Lakini mayai yake yanatoka na choo chako. Ukijisaidia porini, nguruwe anayezurura anakula, na mzunguko unaanza upya. Na ukitoka huko bila kunawa mikono kwa sabuni, ukashika ugali, ukamega ukampa mtoto, mayai yameingia kwa mtoto. Hayo mayai ndiyo yanayoanguliwa, yakapenya, yakasafiri kwa damu mpaka kwenye ubongo. Mtoto asiyewahi kuonja nguruwe maishani anaweza kupata kifafa cha tegu kwa mkono wa mtu mzima aliye na afya njema.

Basi pale kwenye mafiga, wote wamekaa kuzunguka sufuria. Mmoja anaanguka, povu linatoka, na kila mtu anamkimbia. Yeye haambukizi mtu. Na yumkini mwenye kuambukiza yumo miongoni mwa wale waliorudi nyuma, amejifunika pua kwa mkono ule ule.

Tegu hana mlio, hatoi povu, haangushi mtu mbele ya wageni. Anafanya kazi yake kwa miaka. Profesa Paul Slovic wa Marekani, ambaye amechunguza kwa muda mrefu jinsi watu wanavyopima hatari, aliandika mwaka 1987 kwamba kipimo chetu hakifuati idadi ya wanaokufa. Kinafuata jinsi jambo linavyotisha, na jinsi lilivyo geni kwetu. Kitimoto si kigeni wala hakitishi, kinanukia.

Mlima Hanang ulitupa somo la aina hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilipozidi na tope na mawe yakashuka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walikufa. Siku zile zile uvumi ulienea kwamba mlima umelipuka, kwa kuwa kila mtoto aliyesoma jiografia anajua Hanang ni mlima wa volkano. Wataalamu wa miamba walikuja wakasema hapana, ni sehemu ya mlima iliyoshiba maji ikamomonyoka. Tumekaa chini ya mlima ule tukiwa na hofu ya moto, hofu ya kwenye vitabu, na kilichotuua ni tope. Siwalaumu waliokufa wala waliobaki. Nasema tu kwamba jicho la hofu linapenda moto.

Je, kumwambia mtu ukweli kunatosha? Ningependa kusema ndiyo, kwa maana mzungumzaji wa mhadhara hana bidhaa nyingine. Profesa Ngowi alirudi vijijini Mbulu na elimu ya afya juu ya tegu, akapima kabla na baada. Watu walielewa zaidi. Ulaji wa nyama yenye punje ulipungua, na hata maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua. Lakini kwenye ujenzi wa vyoo na kufungia nguruwe, mabadiliko yaliyoonekana hayakulingana na maarifa yaliyoongezeka. Nami naona sababu iko kwenye hesabu ile ile ya nani analipa. Kukataa nyama mbovu ni faida yako leo. Kuchimba choo ni jasho lako na fedha yako, na anayeokoka ni mtoto wa mtu usiyemjua, miaka mitano ijayo. Choo kinamtaka mtu alipe gharama ya hofu ambayo hana.

Kwa kifafa, elimu iliyofanya kazi Mahenge haikuwa ya maneno sana. Watu walimwona mgonjwa aliyekuwa akianguka kila wiki sasa amekaa miezi bila kuanguka, analima, anauza, na hofu ikalegea. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia ipasavyo. Neno ipasavyo lina uzito: vidonge vya kila siku, na kuviacha ghafla ni hatari, kunaweza kuleta kuanguka mfululizo bila fahamu kurudi. Hapo tena kuna hofu, ya dawa ya maisha. Nimesikia watu wakisema ukianza vidonge hutoki. Anayesema hivyo ananywa chai ya sukari kila asubuhi miaka arobaini.

Kwa walimu nina ombi, nalo lina gharama kwenu, nawaambia wazi. Mtoto mwenye kifafa akiletwa kuandikishwa, mpokeeni, mkalisheni katikati ya wenzake na si pembeni kwenye dawati la peke yake. Siku atakapoanguka darasani, na kuna siku ataanguka, wanafunzi sitini hawatamtazama yeye. Watakutazama wewe, mwalimu. Sogeza madawati. Kama yuko karibu na moto au ukingo, mvute. Mlaze ubavu ili mate yatoke na njia ya hewa ibaki wazi, weka sweta chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, ulimi haumezwi. Kijiko kinavunja meno. Usimbane mikono na miguu. Usimpe maji mpaka fahamu zimerudi kabisa. Angalia saa: ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajazinduka, hiyo ni safari ya hospitali, bodaboda au gari lolote lililopo. La sivyo akiamka mfute uso, kwa kitambaa chako mwenyewe, mbele yao wote, umwambie apumzike.

Muda wangu umekwisha, na ninaona mzee pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja nguruwe, wala hajaushusha. Karibu mzee, uliza, ila kama ni kutetea kitimoto nitakuomba kwanza utuambie kwako choo kiko upande gani.